Palmyra ilikufa lini, na nani aliyeiua?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari, Tanga. Kitabu ninachotumia kinasema mji wa jangwani wa Palmyra, nchini Syria, uliangamizwa na Kaisari Aurelian wa Roma mwaka 273 kwa sababu ya uasi wa Malkia Zenobia. Mwanafunzi mmoja akaniletea picha ya zamani inayoonyesha watu wakiishi katikati ya magofu yale katika karne ya 20. Sasa mji ule ulikufa lini hasa? Na kabla ya kufa, uliwezaje kutajirika jangwani bila mto wala bandari? Mwisho, je, watu wake waliwahi kuwa na uhusiano wowote na pwani yetu?

JIBU: Mwalimu, mpe pongezi mwanafunzi wako. Picha aliyoileta inaweka kidole mahali penyewe, kwa sababu mji wa biashara unaweza kufa na watu wake wakabaki palepale, wakilima na kufuga, kwa miaka mingine elfu na zaidi. Ndivyo ilivyokuwa Palmyra, ambao wenyeji tangu zamani waliuita Tadmor, na Waarabu wanauita hivyo mpaka leo.

Nianze na utajiri, maana asiyeuelewa utajiri wa Palmyra hawezi kuuelewa mwisho wake.

Ukitazama ramani utaona jambo la ajabu. Bidhaa za India na Uchina zilifika kwa meli kwenye kichwa cha Ghuba ya Uajemi, katika bandari ya Spasinou Charax, kusini mwa Iraki ya leo. Kutoka pale njia ya kawaida ya kwenda Bahari ya Kati ni kuufuata mto Frati kuelekea kaskazini-magharibi, huku mifugo na watu wakiwa na maji ya kunywa safari nzima, kisha kukata kuelekea Antiokia, jiji kubwa karibu na pwani ya Bahari ya Kati. Palmyra haiko kwenye njia hiyo. Iko katikati ya nyika kame, karibu kilomita 200 kutoka mtoni na kama kilomita 150 kutoka Homs, mahali ambapo mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 150. Msafara ulioelekea Palmyra uliuacha mto kwa makusudi na kuingia jangwani. Kwa hiyo tusiseme kwamba Palmyra ilikuwa na bahati ya kukaa njiani. Wapalmyra ndio waliovuta njia ikaja kwao.

Waliivutaje? Maji yalikuwepo, ndiyo. Chemchemi ya Efqa ilitoa maji yenye harufu ya kiberiti, lakini yalitosha kunywesha mitende, mizeituni na wanyama. Vilima vya kaskazini vilikuwa na vijiji vingi kuliko watu walivyodhani zamani. Uchunguzi wa Mfaransa Daniel Schlumberger katika miaka ya 1930, na baadaye ule wa wanaakiolojia wa Norwei na Syria, umeonyesha mashamba, matangi na mabwawa ya kukingia mvua. Kwa hiyo mji uliweza kujilisha kwa kiasi kikubwa. Lakini chemchemi peke yake haileti hariri. Jangwa lile lina visima na mabwawa mengine, na hayakuzaa mji wa nguzo za mawe.

Walichokuwa nacho Wapalmyra ni uhusiano na watu wa jangwa. Familia kubwa za mji zilikuwa na ndugu, wakwe na wachungaji wao nje, kwenye malisho. Ngamia waliobeba shehena walilelewa na wafugaji hao. Aliyejua kisima kipi kina maji mwezi gani, na ukoo upi unapita wapi, ni mfugaji huyohuyo. Msafara mmoja mkubwa ulihitaji mamia ya ngamia, na hao hawapatikani sokoni kwa siku moja. Lazima awepo tajiri mwenye mifugo, mwenye kuaminiwa na wenye mifugo wengine, na mwenye fedha za kusubiri miezi hadi mali iuzwe. Hapo ndipo penye siri ya Palmyra, na naomba wanafunzi wako waishike kuliko tarehe yoyote.

Tunayajua haya kwa sababu Wapalmyra walikuwa na desturi nzuri ya kushukuru hadharani. Mfanyabiashara aliyerudi salama aliungana na wenzake kumwekea mtu aliyewasaidia sanamu ya shaba juu ya nguzo, na chini yake wakachonga sababu, mara nyingi kwa lugha mbili: Kigiriki na Kiaramu cha Palmyra. Sanamu zimepotea karibu zote, maana shaba huyeyushwa, lakini maandishi yamebaki, na zaidi ya 30 yanazungumzia misafara. Yanamtaja kiongozi wa msafara, yanataja aliyelipa gharama kutoka mfukoni mwake, yanataja hata mwaka na mwezi.

Chukua mfano wa Soados mwana wa Boliades. Katika miaka ya 140 BK msafara uliokuwa ukirudi kutoka Vologesias, mji wa Babeli chini ya himaya ya Waparthi, waliotawala Iraki na Uajemi wakati huo, ulitishiwa na kundi kubwa la majambazi wa jangwani. Soados alitoka na watu wenye silaha akauokoa. Wafanyabiashara walimwekea sanamu Palmyra, na pia Vologesias na Spasinou Charax kwenyewe. Hebu tafakari maana yake, Mwalimu. Palmyra ilikuwa chini ya Roma. Vologesias na Charax zilikuwa upande wa Parthia, adui wa Roma. Na bado raia wa Palmyra aliweza kutembea na kikosi chake jangwani, akaheshimiwa kwa sanamu katika miji ya upande ule, na makaisari wa Roma, Hadrian na Antoninus Pius, wakamsifu kwa barua. Hiyo ndiyo nafasi ambayo mji mwingine haukuwa nayo.

Kuna mwingine ninayempenda zaidi kwa sababu anatupeleka baharini. Mwaka 131 BK maandishi yanamtaja Yarhai mwana wa Nebuzabad, Mpalmyra, akiwa liwali wa Thilouana, yaani Bahrain, kwa niaba ya Meredat, mfalme wa Charax. Mtu wa mji wa jangwani, umbali wa safari ya wiki nyingi, anatawala kisiwa cha lulu katikati ya Ghuba! Na mwaka 157 wafanyabiashara waliorudi kutoka Skithia, jina walilolitumia kwa India ya kaskazini-magharibi, karibu na mdomo wa mto Indus, walimshukuru Marcus Ulpius Yarhai na kuitaja meli waliyosafiria, ya Honainu mwana wa Haddudan. Jina la mwenye meli ni la Kipalmyra. Kumbe hawakuwa wakingoja mzigo jangwani tu; walikuwa na watu wao melini, wakisafiri kwa pepo zilezile za msimu zinazojulikana na kila nahodha wa Tanga: kusi na kaskazi.

Mzigo wenyewe ulikuwa hariri, pilipili manga, manukato, lulu, vito na nguo za rangi. Katika makaburi ya minara nje ya mji, kama ule mnara wa Elahbel uliojengwa mwaka 103 BK, maiti zilivishwa vitambaa, na hewa kavu ya jangwa ikavihifadhi: sufu ya hapohapo, pamba ya India, na hariri ya Uchina, nyingine ikiwa na herufi za Kichina zilizofumwa ndani yake.

Kila mtu alichukua chake. Roma ilitoza robo nzima ya thamani ya bidhaa zilizoingia kutoka mashariki, asilimia 25, na jina la mkusanyaji wa ushuru huo aliyekuwepo Palmyra mwaka 161 tunalo: Marcus Aemilius Marcianus Asclepiades, diwani wa Antiokia. Mji nao ulikuwa na ushuru wake mdogo wa ndani. Jiwe refu la karibu mita 5, lililochongwa baada ya uamuzi wa baraza la mji wa tarehe 18 Aprili 137, linaorodhesha ushuru huo. Sababu iliyoandikwa juu yake inaeleweka na mfanyabiashara wa leo: sheria ya zamani haikutaja bidhaa nyingi, kila mkusanyaji akatoza kwa desturi, ugomvi ukawa hauishi kati yake na wenye mali. Mtumwa aliyeingizwa mjini alilipiwa dinari 22. Manukato yaliyokuja ndani ya chupa za alabasta yalitozwa karibu mara mbili ya yale yaliyokuja kwenye viriba vya ngozi ya mbuzi. Hata kutumia chemchemi mbili za mji kulikuwa na bei yake, dinari 800 kwa mwaka. Mwaka 1882 Semyon Abamelek-Lazarev, tajiri wa Kirusi, alilikuta jiwe hilo chini ya mchanga. Leo liko katika makumbusho ya Hermitage, Saint Petersburg.

Fedha hizo zote ziligeuka kuwa mawe. Hekalu la mungu Bel liliwekwa wakfu mwaka 32 BK. Barabara kuu yenye nguzo pande zote mbili ilizidi urefu wa kilomita moja. Hadrian alipoutembelea mji karibu na mwaka 129, tajiri mmoja aitwaye Male Agrippa alibeba gharama za kumpokea kaisari na askari wake.

Sasa kifo.

Kitabu chako hakikukosea kuhusu Zenobia, ila kimeanza hadithi mwishoni. Palmyra iliishi kwa masharti mawili: bandari ya Charax iwe wazi kwa watu wake, na himaya mbili kubwa, hata zikipigana, ziendelee kuhitaji mtu wa kati. Parthia ilikuwa dola legevu, yenye wafalme wadogo kama yule wa Charax waliojiamulia mambo yao, na humo Wapalmyra walipata pa kupenya. Katika miaka ya 220 Ardashir, mtawala wa Fars, jimbo la kusini mwa Uajemi, aliwaangusha Waparthi na kuanzisha ufalme wa Wasasani. Huyu hakutaka wafalme wadogo. Aliimeza Charax pamoja na kichwa chote cha Ghuba. Hatra, mji mwingine wa jangwani uliofanana na Palmyra kwa mengi, ulianguka mikononi mwa Wasasani karibu na mwaka 240. Dura-Europos, ngome ya Roma juu ya Frati ambako Wapalmyra walikuwa na mahekalu na wapiga mishale wao, ilibomolewa karibu na mwaka 256. Na yale maandishi ya shukrani niliyokueleza? Yalijaa katika karne ya pili. Baada ya Ardashir yanakuwa haba kabisa.

Kwa maoni yangu jeraha la kifo liliingia hapo, nusu karne kabla ya Aurelian kuonekana.

Mwaka 260 Wasasani wakafanya lisilowahi kutokea: mfalme wao, Shapuri wa Kwanza, alimteka Kaisari Valerian wa Roma akiwa hai. Mashariki ya Roma ikabaki bila mlinzi, na aliyesimama ni Odaenathus, kabaila wa Palmyra. Alimshambulia Shapuri akirudi na nyara zake, kisha akawafukuza Waajemi mpaka kwenye malango ya mji wao mkuu, Ctesiphon. Watu husimulia haya kama tamaa ya vita. Mimi naona pia mfanyabiashara aliyefungiwa mlango akijaribu kuuvunja. Nguvu za kijeshi ambazo familia hizi zilizikuza kulinda misafara (mwaka 199 mji ulimsifu Ogeilu mwana wa Makkai kwa kuwapiga wanyang'anyi wa jangwani mara kwa mara) sasa ziliingia katika siasa za himaya.

Odaenathus aliuawa karibu na mwaka 267 pamoja na mwanawe mkubwa. Mjane wake Zenobia akashika hatamu kwa jina la mtoto wao mdogo, Vaballathus. Mwaka 270 majeshi yake yaliingia Misri, yakafika hadi Ankara upande wa kaskazini. Kwa nini Misri? Kwa sababu ya nafaka iliyoilisha Roma, bila shaka. Lakini Misri ndiyo iliyokuwa na njia ya pili ya kwenda India, kupitia Bahari ya Shamu, na Wapalmyra walikuwa wameingia huko kitambo: pale Coptos, juu ya mto Nile, kulikuwa na chama cha Wapalmyra wenye meli za Bahari ya Shamu, na Berenike, bandari yenyewe, kulikuwa na wapiga mishale wao. Mlango wa Ghuba ulipofungwa, huu ndio uliobaki. Wapo wanahistoria wasioafiki kwamba biashara ilimsukuma Zenobia, na wana haki, maana hakutuachia neno lake juu ya hilo. Mimi nashindwa kuamini kwamba wazee wa misafara waliokuwa wakimshauri hawakuliona.

Aurelian alikuja mwaka 272. Aliwashinda Wapalmyra Immae karibu na Antiokia, akawashinda tena Emesa, ndiyo Homs, kisha akauzingira mji wenyewe. Zenobia alitoroka juu ya ngamia kwenda kuomba msaada Uajemi, akakamatwa karibu na Frati. Wapo waandishi wa kale wanaosema alipitishwa Roma akiwa amefungwa minyororo ya dhahabu, na mwingine anasema alifia njiani. Mji ulisamehewa mara ya kwanza. Ulipoasi tena mwaka 273, Aurelian alirudi na kuupora.

Miji mingi ya kale iliporwa ikainuka. Antiokia yenyewe ilitekwa na Waajemi na ikarudi kuwa jiji kubwa. Palmyra haikuinuka kibiashara kwa sababu kile kilichokuwa kikiinua kila kitu hakikuwepo tena: familia zenye ngamia na mtaji zilikuwa zimeuawa au kutawanyika, na jangwani hapakuwa na mtu wa kukabidhiwa msafara. Halafu ikaja kalamu, nayo ikamaliza kazi ya upanga. Katika mapatano ya amani ya karibu mwaka 298, Roma na Uajemi zilikubaliana kwamba biashara kati yao ipitie mahali pamoja tu, mji wa Nisibis, mbali kaskazini. Msafara wa kuja Palmyra kutoka mashariki ukawa haramu kwa pande zote mbili. Ukitaka tarehe ya kuzika biashara ya Palmyra, mimi ningechagua hii.

Mji, lakini, uliendelea. Kaisari Diocletian aliugeuza kambi ya jeshi la mpakani. Askofu wake, Marinus, alihudhuria mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325. Kaisari Justinian aliutengenezea maji na kuta katika karne ya 6. Khalid bin Walid aliuchukua mwaka 634, na chini ya makhalifa wa ukoo wa Bani Umayya safu ya maduka ilijengwa katikati ya ile barabara ya nguzo: soko dogo la mji, la kuuziana mahitaji ya kila siku, si la hariri ya Uchina. Baada ya hapo watu walizidi kupungua na kujikusanya ndani ya kuta nene za hekalu la Bel, wakalifanya ngome na kijiji, na ndani yake msikiti. Hao ndio wa kwenye picha ya mwanafunzi wako. Waliishi humo mpaka utawala wa Ufaransa, uliokuwa ukiishika Syria wakati huo, ulipowahamisha, kuanzia mwaka 1929, ili wanaakiolojia wachimbe, ukajengwa mji mpya wa Tadmur pembeni.

Uhamisho ule huniuma kila nikiusoma, kwa sababu tulipokea hekalu safi lisilo na nyumba na tukaizoea picha hiyo kana kwamba hapakuwahi kuwa na mtu baada ya Zenobia. Mwaka 2015 wapiganaji wa Dola la Kiislamu waliuteka mji, wakamuua hadharani Khaled al-Asaad, mzee aliyeyatunza magofu yale kwa maisha yake yote, kisha wakalilipua hekalu la Baalshamin, hekalu la Bel na mnara wa Elahbel. Mlango mkuu wa hekalu la Bel ulibaki umesimama. Nyumba za Tadmur nazo ziliharibiwa, watu wakakimbia, na hao hawakupigwa picha nyingi kama nguzo.

Nimalizie na swali lako la pwani. Katika karne ya kwanza BK, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha Kigiriki cha kuwaongoza mabaharia na wafanyabiashara, inaitaja Rhapta kama bandari ya mwisho ya pwani yetu, ikisafirisha pembe za ndovu, magamba ya kasa na pembe za faru, nayo ilikuwa ikifanya biashara chini ya Waarabu wa Muza, nchini Yemen. Mali hiyo ilipanda Bahari ya Shamu kwenda Misri, haikupita Palmyra. Hakuna maandishi ya Kipalmyra yaliyopatikana Afrika Mashariki, na akitokea mtu kukuambia yapo, mwombe akuonyeshe. Lakini walifika jirani. Katika pango la Hoq kisiwani Sukutra, kando ya njia ya meli zetu za kale kwenda Arabuni, wavumbuzi kutoka Ubelgiji walikuta kibao cha mbao chenye Kiaramu cha Palmyra. Aliyekiandika ni Abgar mwana wa Abshamaya, mwezi Julai mwaka 258, anamshukuru mungu wa mahali pale na kuwaomba wanaokisoma wakiache kilipo. Mwaka huo Ghuba ilikuwa chini ya Wasasani kwa zaidi ya miaka 30. Kama unataka kuwaonyesha wanafunzi wako kwenye ramani Mpalmyra akitafuta njia nyingine ya baharini baada ya ile ya zamani kufungwa, waanzie Sukutra.